Karani wa Jumatano

Mtu aliyenifundisha kuuza nguo mtandaoni hakuwahi kumiliki simu janja hata siku moja. Alikuwa na kitochi, kile cha kubonyeza, amekizungushia mpira wa njano ili betri isidondoke, na akipigiwa alikuwa anasimama wima kwanza ndipo anapokea. Alikuwa karani mstaafu wa masijala, kile chumba cha majalada kwenye ofisi za serikali ambako barua zote zinaingilia na kutokea. Mtaani kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, tulimwita Karani. Mimi nilimwita baba akiwepo na Karani akiwa hayupo.

Nilimfahamu kwa barua. Sitanii! Alileta suruali ya kijivu nimpunguzie urefu, nikamwambia njoo Ijumaa, Ijumaa nikamwambia njoo Jumatatu, si mnatujua mafundi. Binti yake akanitumia meseji, nikaisoma, nikaiacha hivyo hivyo, maana nilikuwa na gauni la bi harusi mkononi. Jumatano asubuhi mzee mwenyewe akaingia dukani, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama, akaniwekea bahasha juu ya cherehani. Ndani kulikuwa na karatasi moja, mwandiko wa kalamu ya wino: YAH: SURUALI YANGU YA KIJIVU. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Halafu aya tatu zenye namba, na mwisho, "Nategemea majibu yako mapema iwezekanavyo."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Yeye hakucheka. Akavuta kiti cha wateja, kile cha plastiki karibu na mlango, akakaa, akafungua gazeti.

"Baba, nitakushonea leo hii hii. Rudi tu nyumbani upumzike."

"Sijaja kusubiri suruali," akasema. "Nasubiri majibu ya barua."

Ikabidi nitafute kalamu. Nikaandika nyuma ya karatasi yake: imepokelewa, suruali saa nane mchana. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, na saa nane kamili nikampa suruali yake. Kabla hajatoka akaniuliza ni watu wangapi mwezi huo walioniandikia na sikuwajibu. Nikafungua simu nihesabu, nikaona aibu, nikaifunga. Jumatano iliyofuata alikuja tena bila suruali yoyote, akakaa palepale. Ndivyo tulivyoanza, na hakuna aliyemwajiri wala kumkaribisha.

Neno lake kubwa lilikuwa hilo, imepokelewa. Alisema masijalani barua inaweza kukaa wiki mbili bila kujibiwa na mwandishi wake asikasirike, mradi anajua imefika na iko mezani kwa nani. "Mteja hakasiriki kwa sababu umechelewa, binti yangu. Anakasirika kwa sababu hajui." Basi akanilazimisha kila ujumbe unaoingia niujibu kwa maneno mawili: umepokelewa, na siku gani nitatoa jibu kamili. Nikamwambia wateja wa siku hizi wataniona mshamba. Wapi! Mama mmoja wa huko Mtumba, ofisi za serikali, aliniambia hakuwahi kuona fundi nguo anayejibu hivyo, akaniletea wenzake wanne wa ofisini.

Lakini hakutaka nishinde nimeshika simu. Hapo ndipo tulipogombana sana mwanzoni. Mimi nilikuwa nikisikia mlio tu naacha mshono katikati, najibu, naangalia picha za mafundi wengine, naona wivu, naweka yangu, narudi kwenye cherehani nusu saa imepita na sijui nilikuwa nashona mkono wa kulia au wa kushoto. Akasema masijala haikufungua barua kila mtu wa posta alipopita mlangoni. Zilifunguliwa asubuhi, mchana, na kabla ya kufunga ofisi, basi. Akanichorea ratiba kwenye kadi, akaibandika ukutani kwa gundi ya ugali, na mende wakaila pembe zote. Ila ratiba niliifuata. Wiki ya kwanza mikono iliniwasha. Wiki ya pili nilimaliza magauni kabla ya siku niliyoahidi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nishike mkasi.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni yale maneno yetu ya "bei njoo inbox". Nilimsomea tangazo langu moja kwa majivuno: mishono mipya, bei poa, njoo inbox. Akashusha miwani.

"Nije wapi?"

"Inbox, baba. Aniandikie pembeni nimtajie bei."

"Kwa nini usimtajie hapa?"

"Wenzangu wataiona."

"Na mteja haioni. Sasa unamficha nani?"

Nilikasirika, nikageukia cherehani yangu. Kesho yake nikaandika bei chini ya picha, na siku ngapi nguo inachukua, na kama kitambaa ni chako au changu. Watu wa kuuliza uliza tu wakapungua. Walioniandikia walikuwa wameshaamua, wanataka kujua waje lini kupimwa.

Na kalenda! Karani aliijua Dodoma kwa majalada. Alijua mwezi gani wageni wa Bunge wanajaa mjini na wake za waheshimiwa wanahitaji fundi wa haraka, akanitaka picha za suti niziweke wiki mbili kabla, si wakati mji umeshajaa. Alijua wafanyakazi wa Mtumba wanafungua simu asubuhi wakiwa ndani ya basi la ofisi, basi status yangu iwe juu kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Alijua wanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga wana hela wiki moja tu, mkopo ukiingia, na wiki hiyo ikipita usiwasumbue. Na alijua kwamba kwaya za vijijini hazishoni sare mvua zikinyesha. "Wako shambani. Waandikie uwele ukishaingia ghalani." Mimi niliyezaliwa hapa hapa nilikuwa natuma matangazo ya sare za kwaya mwezi wa kwanza na kushangaa hakuna anayejibu.

Asidhani mtu kwamba Karani alikuwa amenyooka kila upande. Weee! Mtu huyo aliyedai kila kitu kirudi mahali pake aliazima penseli zangu za kuchorea na hakurudisha hata moja. Kamba za viatu vyake, moja nyeusi moja ya kahawia. Aliponda umbea, na huku anajua nani mtaani kahama nyumba, kwa nini, na kaacha mlango upi wazi. Kila Jumatano alikaa na gazeti lake penseli mkononi, anaandika andika pembeni ya karatasi, nami nikajua anajaza fumbo la maneno. Ukimwita hasikii. Nilikuwa namtania, "Baba, leo fumbo limekushinda?" Ananiangalia juu ya miwani, anarudi kwenye gazeti.

Tena alikuwa anachukia kupigwa picha. Siku moja nikamwomba avae ile suruali ya kijivu asimame mlangoni. Alikataa mara tatu, halafu akasimama, mikono imenyooka mapajani, kidevu juu, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Niliiweka na maneno mawili, "Imepunguzwa hapa." Jamani, wazee wastaafu walinimiminikia na suruali zao mpaka nikafunga oda. Karani akasema mambo ya picha ni ya watoto. Lakini kila Jumatano kwa miezi miwili, kabla hajakaa, aliuliza kwa sauti ya chini, "Wameniona wangapi?"

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la kwaya. Kwaya ya hapa mjini ilinipa sare za uzinduzi, kitenge cha bluu chenye ua la dhahabu, mshono wa mkono wa kengele. Nilipomaliza ya kwanza nikaona imependeza, nikashindwa kuvumilia, nikaiweka status. Wiki moja kabla ya uzinduzi, kwaya ya usharika jirani ikaimba Jumapili imevaa kitenge kile kile na mkono wa kengele. Mwenyekiti wa kwaya yangu alikuja dukani hajui aanzie kulia au kutukana. Nilibadilisha mikono yote na kola kwa gharama zangu. Karani hakunisema. Alileta tu fungu la utepe mwekundu, akaniambia masijalani jalada la siri lilikuwa na alama nyekundu, mtu asiyehusika asilifungue. Tangu siku ile nguo yenye utepe mwekundu kwangu haipigwi picha mpaka mwenyewe aivae mbele za watu.

Na ndiye aliyenianzishia kadi. Kila mteja kadi moja ya manila, jina, namba, kifua, kiuno, nyonga, mabega, urefu, nguo aliyoshona, shughuli iliyomleta. Chini kabisa mstari mmoja: kurudi mezani. Hapo unaandika tarehe ya kumkumbuka yule mtu. Aliyeshona nguo ya ubarikio wa mtoto wa kwanza kanisani, mkumbuke wa pili anapofikia umri ule. Aliyeshona ya kikao cha Bunge, mkumbuke kabla ya kikao kijacho. Kadi zilikaa kwenye sanduku la mbao alilolitoa kwake, na kila Jumatano alilipitia, anachomoa zile ambazo tarehe imefika, ananiwekea mezani. "Hawa wamerudi. Waandikie." Nusu ya kazi zangu za mwaka ule zilitoka kwenye sanduku lile, na sikujua, kwa sababu nilidhani zinatoka kwenye picha.

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Duka lilikua. Nikanunua simu nzuri, nikajua kurekodi video, nikapata wafuasi, na kichwa kikavimba kidogo. Vipimo nikaanza kuandika moja kwa moja kwenye simu, ndani ya meseji za mteja mwenyewe. Haraka, safi. Kadi nikaacha. Jumatano moja nilikuwa na wateja watatu wa mjini, mabinti wa ofisi, na Karani akaanza kuchomoa kadi na kuzisoma kwa sauti. Mmoja akacheka. Nikaona haya, nami kwa haya zangu nikasema, "Baba, hivi vitu ni vya zamani, vinanijazia vumbi tu dukani. Chukua sanduku lako." Nilimkabidhi kabisa mikononi, mbele ya watu.

Alilichukua. Jumatano iliyofuata akaja na gazeti lake na penseli yake, akakaa kwenye kiti kilekile, akainamia fumbo lake. Nami nikajisemea afadhali, yamekwisha.

Miezi ikapita. Ikaja kwaya kutoka vijiji vya Kongwa, watu thelathini na wawili, wamekuja mjini kwenye mkutano wa kanisa, siku moja tu, na siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Niliwapima kwa mstari tangu asubuhi, natamka kwa nguvu jina la kila mmoja, sauti anayoimba na vipimo, huku nabonyeza simu: kifua thelathini na nane! kiuno thelathini na nne! Walikuwa wanaandaa jubilei ya kanisa lao. Kitambaa walichanga kuku kwa kuku, gunia kwa gunia, na kilitosha kwa hesabu ya mita hadi ya mwisho, ukikosea kukata nguo moja hakuna cha kufidia. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, akanishika mkono. "Mwanangu, sisi tunarudi kuvuna. Vipimo unavyo. Tusije tukaaibika mbele ya askofu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi kabisa.

Baada ya siku hiyo Karani hakuonekana. Jumatano ya kwanza, ya pili, ya tatu, kiti kitupu. Nikajua ni lile sanduku. Hasira zake zimechelewa tu, kama barua. Nilipanga kwenda kumwona, na kila siku nikasema kesho, kwa sababu ya aibu.

Halafu nikaloweka vitambaa vya kwaya ili visinywee baada ya kushonwa, na kwa akili zangu nikaona ni video nzuri: rangi inavyotulia, maji, mikono yangu. Nikaegemeza simu kwenye ukingo wa beseni. Nilichosikia ni chubwi. Nilivyoitoa ilikuwa inawaka, nikashukuru Mungu, na hapo hapo ikazima mbele ya macho yangu.

Fundi simu alikaa nayo siku mbili. Akaniambia nipokee pole. Nikanunua nyingine ya bei nafuu, nikarudisha laini, meseji zikafunguka nyeupe, hakuna hata jina. Sikuwahi kuhifadhi chochote popote. Thelathini na wawili! Walikuwa wametawanyika mashambani, namba ya mwenyekiti wao iliyobaki kwenye risiti haipatikani, na zimebaki siku kumi na nane. Nilikaa sakafuni kati ya vitambaa vyao nikalia. Hata angepatikana, kumwambia nimepoteza vipimo vyao kwa sababu ya video, hilo nisingeliweza. Kukata kwa kukisia, hilo nalo sikuliweza. Nilichotaka ilikuwa angalau kulia mbele ya mtu mzima.

Nikaenda kwa Karani. Mke wake akanipokea uani anapepeta mtama, akaniambia yupo ndani, ingia tu. Nikamkuta amekaa mezani, blanketi magotini, magazeti yamepangwa kwa tarehe mpaka usawa wa dirisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakuinuka. Mtu aliyekuwa anasimamia hata simu, mimi hakuniinukia.

Nikamweleza yote, beseni, video, Kongwa, askofu. Nilipomaliza akasukuma karatasi na kalamu kwangu.

"Andika maombi," akasema.

"Maombi gani, baba?"

"Jalada halitoki masijala kwa mdomo."

Nilidhani ananiadhibu, na nikaona nastahili. Nikaandika. YAH: SANDUKU LA KADI. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nikaandika kwamba naomba kuona kadi za zamani kama zitanisaidia chochote. Kisha mkono ukakataa kuendelea na lugha ya ofisi, nikaandika tu: baba, nilikuvunjia heshima mbele ya watu, nisamehe. Nikamsogezea huku natazama sakafu.

Aliisoma mara mbili. Akaweka nukta mahali niliposahau. Chini akaandika imepokelewa, na tarehe, na sahihi ndefu yenye mkia.

"Fungua kabati. Rafu ya chini."

Sanduku lilikuwa pale, limefutwa vumbi. Nikalifungua nikijua nitakuta wateja wa zamani. Mbele kabisa kulikuwa na kadi mpya, nyeupe, zimefungwa utepe mwekundu. Nikafungua fundo. Kwaya, Kongwa. Sauti ya kwanza, kadi tisa. Sauti ya pili, kumi. Sauti ya tatu, saba. Sauti ya nne, sita. Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na nne. Nikahesabu, nikahesabu tena. Thelathini na mbili.

"Baba," nikasema. "Umezitoa wapi?"

"Ulikuwa unapiga kelele mchana kutwa," akasema. "Ningeacha kuandika vipi?"

Ndipo nilipotazama yale magazeti. Nilichukua la juu, nikaona pembeni, kwa penseli yangu, tarakimu ndogo ndogo zimeshuka mpaka chini. Fumbo la maneno lilikuwa tupu. Nilichukua la chini yake, nalo tupu. Tangu nimrudishie sanduku, mzee huyu hakuwahi kujaza fumbo hata moja. Kila Jumatano aliandika wateja wangu pembeni mwa gazeti na kurudi nyumbani kuwafungulia kadi. Wa siku nyingine walipotea na simu, sitasema uongo, wapo ambao mpaka leo sijui walikuwa nani. Lakini Jumatano zote zilikuwepo.

Nililia pale pale, safari hii kwa nafuu. Mke wake akachungulia mlangoni, akaona nacheka na kulia, akarudi kwenye mtama wake. Nikafunga sanduku nilibebe, nikamuuliza lile nililoogopa kuuliza muda wote.

"Baba, Jumatano utakuja? Kiti chako kipo."

"Angalia kadi yako," akasema.

"Mimi nina kadi?"

"Kila mtu ana kadi."

Ilikuwa ya mwisho kabisa nyuma, ya zamani kuliko zote, pembe zimelainika. Jina langu. Fundi nguo. Kifua na kiuno akaacha wazi, mtu wa adabu. Kwenye mstari wa maelezo: ana haraka, lakini anasikia. Kwenye mstari wa chini: kurudi mezani, kila Jumatano. Nyuma ya kadi kulikuwa na tarehe za Jumatano zote tangu ile barua ya suruali, kila moja na tiki yake. Ile ya siku niliyomkabidhi sanduku ilikuwa na tiki kama zingine. Ni tatu za mwisho tu zisizokuwa na tiki. Mbele ya kila moja aliandika neno lile lile, mguu, mguu, mguu, na aliponiona nimefika hapo akafunua blanketi kidogo, nikaona bandeji.